Bando la Watu Wengi

Wenye makosa ni wawili, na nitawataja kabla sijasema lolote lingine, maana nimeona watu wakizungushwa mpaka wanasahau waliyekuwa wakimtafuta. Wa kwanza ni mwenye shimo la dhahabu kule Osiri, aliyeamuru magogo yang'olewe huku watu wakiwa chini. Wa pili ni kampuni ya laini ya simu, iliyoniuzia bando kisha ikanikatia nikiwa mbele ya hakimu, kwa sababu bando lile nilikuwa nimelipitisha kwa hotspot, toka simu kwenda laptop. Wakili amenikataza kuandika majina. Sawa. Lakini mwenye shimo anajijua, na kampuni inajijua, na ukikaa Migori wiki moja ukinywa chai na wachimbaji, hata wewe utawajua.

Mimi shule niliachia darasa la sita. Kiswahili changu ni cha shimoni. Nyumbani Mbita ni Kijaluo tu, lakini Osiri tulikuwa Wajaluo, Wakuria, Wakisii na wale waliovuka mpaka kutoka Tanzania, na mtu akipiga kelele "vuta" kwa lugha ya mama yake wewe usielewe, unakufa. Kwa hiyo sisi tulijifunza Kiswahili ili tusife. Ndiyo sababu hata kortini nilisema nitatoa ushahidi kwa Kiswahili. Mambo yale yalitokea kwa Kiswahili.

Tulienda Osiri wawili, mimi na rafiki yangu ambaye tulikuwa tukivua pamoja. Ziwa lilikuwa limetuchosha. Nyavu zinaibwa, samaki hawapo, na mafuta ya injini hayapungui bei hata ukipiga magoti. Mtu akatuambia kuna dhahabu kule, na mchanga hauhitaji mafuta. Tukaenda.

Kitu cha kwanza tulichofundishwa ni kwamba shimoni hakuna kitu cha mtu mmoja. Kamba ni moja. Tochi ikizimika, mwenzako anakumulikia. Mawe yanawekwa fungu moja hata kama wewe ndiye uliyetoka jasho zaidi siku hiyo. Chakula kinapikwa sufuria moja, na anayeumwa anakula sawa na anayechimba, kwa sababu kesho anayeumwa ni wewe. Watu wa nje huona wachimbaji ni walevi na wahuni. Wengine ndio. Lakini sijaona mahali pengine watu wanaaminiana hivyo, maana ukiwa chini maisha yako yameshikwa na mtu aliye juu ambaye labda hujui hata anakotoka.

Waliokula bila kushuka walikuwa wengine. Mwenye shamba anachukua fungu lake. Mwenye shimo anachukua lake, na lake ni kubwa. Halafu unapeleka mawe kwa mashine ya kusaga, unalipia kusaga, na lile tope linalobaki, ambalo bado lina dhahabu ndani, mwenye mashine anasema ni lake. Nilimuuliza mmoja siku moja, "Hili tope si limetoka kwa mawe yangu?" Akaniambia, "Mawe yako yalisagika. Tope ni la mashine." Nilicheka wakati ule. Sikujua nitakuja kukutana na maneno hayo tena, yamevaa tai.

Sasa magogo. Shimo refu linashikiliwa na magogo yaliyopangwa kandokando ya kuta, toka mdomoni kwenda chini. Ukiyatoa, udongo hauna wa kuushika. Mwenye shimo alikuwa anafungua shimo jipya hatua chache kutoka kwetu, na hakutaka kununua miti mingine. Asubuhi ile tulikuwa chini, mimi na rafiki yangu, tukasikia nyundo juu yetu. Vumbi likaanza kushuka. Rafiki yangu akapaza sauti, "Nani anagonga huko? Sisi tuko chini." Sauti ikajibu, "Chimbeni tu, tunabadilisha magogo machache." Ilikuwa sauti ya mwenye shimo mwenyewe. Niliijua kama ninavyojua sauti ya mama yangu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikitutukana kila Jumamosi wakati wa kugawana.

Muda si muda shimo likaanguka. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye tundu la pembeni tulilolichimba kufuata mshipa wa dhahabu, ndiyo maana naandika. Yeye alikuwa chini ya mdomo. Walinitoa siku ya pili, mgongo umevunjika. Yeye walimtoa baada yangu, na hakuhitaji daktari.

Kabla hata hatujamzika, mwenye shimo alikuwa ameshasema kwa kila aliyetaka kusikia kwamba marehemu ndiye aliyeng'oa magogo. Kwamba alikuwa mwizi wa kuni. Kwamba alijiua mwenyewe na karibu aniue na mimi. Watu wa kamba waliokuwa juu asubuhi ile walitawanyika, wengine wakarudi kwao kupitia mpakani Ntimaru, na hakuna aliyewaona tena. Nikabaki mimi peke yangu niliyeisikia ile sauti.

Mjane wa rafiki yangu akamshtaki. Ni mama mwenye watoto watatu, anaanika omena, wale dagaa wa ziwani, pale Mbita, na si mtu wa maneno mengi. Fidia aliitaka, nisidanganye, watoto wanakula. Lakini nilimsikia akimwambia wakili wetu, "Hata asipotoa kitu, nataka korti iseme si mume wangu aliyeng'oa." Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi. Mengine yote yalikuwa makaratasi.

Kesi iliahirishwa mpaka tukazoea. Wakili wa mwenye shimo alikuwa na homa. Kisha alikuwa na mazishi. Kisha alikuwa na homa tena. Mwishowe hakimu wa Migori akahamishwa kwenda mbali, na wakili wetu akatupigia akasema hakimu atamalizia mafaili yake kwa mtandao, kila mtu aingie kwa video kutoka alipo. Nilifurahi. Toka Mbita hadi Migori ni safari ya mgongo mzima, si ya mgongo wangu. Nikasema, kumbe hii teknolojia ina siku inamkumbuka maskini.

Shida ilikuwa kwamba kamera ya simu yangu ilikufa zamani, na wakili alisema lazima shahidi aonekane uso na mikono. Binti mkubwa wa mjane alikuwa likizo kutoka chuo, ana laptop aliyoazimwa na mwenzake. Akasema, "Baba mdogo, simu yangu itaonyesha uso tu, lakini laptop ipo. Kinachotakiwa ni mtandao wa nguvu, maana video ya korti inakula data kama ng'ombe wa kiangazi."

Tulikaa uani kwa mjane, katikati ya omena zilizoanikwa kwenye nyavu chini, wanawake wanaoanika pamoja naye wakawa wamekuja. Binti alieleza kwamba kila mtu anaweza kununua bando dogo kwa simu yake, tukibadilishana simu moja ikiisha. Mimi nikakataa. Nilisema hapana, tuchange pesa, tununue bando moja kubwa kwa laini moja. Kamba kumi nyembamba hazimtoi mtu shimoni, kamba ni moja nene. Wanawake wote wakakubali, kwa sababu hata wao omena wanakodisha gari moja kwenda sokoni, hakuna anayekodi lake. Ndivyo tunavyoishi. Tungefuata akili ya kila mtu na chake, leo ningekuwa naandika hadithi nyingine.

"Natoa," akasema mmoja wao, mama mnene mwenye kicheko cha kuamsha kuku, "lakini ikibaki mnipatie kidogo nimpigie yule mume wangu wa Mwanza kwa video. Nataka kuona kama nyuma yake kuna pazia la mwanamke."

"Ukiliona utafanya nini?" mwingine akamuuliza.

"Nitauliza alilinunua wapi. Ni zuri."

Tukacheka. Mjane naye alicheka, na nilikuwa sijamwona akicheka kwa muda mrefu.

Nilienda mwenyewe kwa wakala wa kampuni, kile kibanda cha rangi karibu na kituo cha feri. Kijana mpole, simlaumu sana.

"Hili la mwezi ni bila kikomo?" nikamuuliza.

"Bila kikomo, mzee. Utatazama mpaka uchoke na dunia."

"Na nikiwashia laptop kwa hotspot?"

"Washa. Simu si yako?"

Naye alijibu kama mtu mwenye akili timamu anavyojibu. Simu ni yangu, bando ni langu, nani atauliza? Alinibonyezea, ikaja meseji ndefu ya Kiingereza, akasema bonyeza moja. Nikabonyeza moja.

Siku ya kesi tulikaa chumba cha nyuma cha kanisa, maana uani kuna kelele. Binti aliweka laptop juu ya meza ya kuhesabia sadaka, simu yangu akaiweka dirishani ishike vizuri. Mjane alikaa ubavuni mwangu kwa kuwa yeye ndiye mlalamishi. Nilikuwa nimevaa koti la marehemu baba yangu. Tukaingia, tukawaona wote, kila mtu na kijisanduku chake. Mwenye shimo alikuwa ofisini kwa wakili wake Migori, nyuma yake kuna ua la plastiki, na mtandao wake ulikuwa mzuri hata unaona jasho puani.

Hakimu akatangaza kwamba mafaili ni ya zamani na leo haahirishi lolote. Nikasema moyoni, asante Mungu, zile homa zimekwisha.

Halafu tukangoja. Waliita kesi nyingine kwanza. Kulikuwa na ndugu wawili wanagombania ng'ombe aliyezaa upande wa pili wa uzio. Kulikuwa na wakili mmoja aliyesahau kuzima kamera, anakula ndizi taratibu kama mtu aliye peke yake duniani. Binti alitaka tutoke, turudi tukiitwa, lakini karani alisema atakayetoka faili lake linasukumwa chini. Kwa hiyo tukakaa, kamera imewaka, tunatazama mtu anakula ndizi. Hatukujua kwamba ile ndizi tulikuwa tunailipia sisi.

Wakatuita. Nikaapa. Wakili wetu akaniuliza kazi yangu, akaniuliza shimo lilikuwa la nani, nikajibu. Akaniuliza, "Asubuhi hiyo ulisikia nini?" Nikasema, "Tulisikia nyundo juu yetu."

Hakimu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi, kichwa amekiinamisha kidogo, macho yako kwangu. Hakunikatiza. Hakuna aliyenikatiza. Sijawahi kusikilizwa vizuri hivyo maisha yangu yote, na nikapata nguvu, nikasema yote. Nikasema maneno ambayo rafiki yangu alipiga kelele kwenda juu. Nikasema jibu lililokuja, na nikataja mdomo uliolitoa. Nikasema pia yale ambayo sikuwahi kumwambia mjane wake, kwamba hakufa palepale. Kwamba udongo ulimshika hadi kifuani na giza lilikuwa limejaa, tukawa tunasikizana tu. Aliniuliza kama kamba imeshuka. Nilimwambia imeshuka. Haikuwa imeshuka. Akasema vizuri, kwa sababu aliahidi kuezeka paa la jikoni kabla ya mvua. Kisha akawa anapumua tu, halafu akaacha.

Nilipofika hapo nikanyamaza, nikamngoja hakimu. Hakimu akaendelea kuniangalia, kidevu kwenye ngumi.

Binti akanigusa bega. "Baba mdogo," akasema taratibu. "Hawapo."

"Hawapo vipi? Si huyu hapa?"

"Hiyo ni picha imeganda. Tumekatika."

"Toka lini?"

Aliichukua simu dirishani, akasoma meseji, akaisoma tena. Nikamwambia asome kwa sauti. Ilikuwa Kiingereza, akanigeuzia: umefikia kikomo cha hotspot kwa bando hili, nunua bando la hotspot ili uendelee kugawa.

"Tulinunua bila kikomo," nikasema.

"Bila kikomo ni kwa simu yenyewe. Ya kugawa wameweka kidogo tu. Ikiisha unalipa tena."

Na hapo hapo, ile simu ikiwa mkononi mwake, ikaingia video ya mtu wa kikundi cha mazishi, mbuzi amevaa miwani. Ikafunguka yenyewe, safi, bila kusita. Mtandao ulikuwa umejaa ndani ya simu ile, umejaa mpaka mdomoni, na umbali wa mkono mmoja laptop inakufa kwa kiu. Sijui nieleze vipi hasira ya dakika ile. Nilishatolewa shimoni na watu waliochimba kwa mikono mitupu, hawakuniuliza wewe ni wa kamba ya nani. Leo kampuni yenye milingoti kila kilima inasema maji ni yako lakini ukimpa mwenzako kikombe, lipa.

Binti alikuwa na data kidogo kwa simu yake. Akahangaika, akaingia kwa simu hiyo, akanishikia mbele ya uso. Tulipoingia, wakili wa mwenye shimo alikuwa anamalizia sentensi.

"...ameondoka mwenyewe, Mheshimiwa, alipoona maswali yetu yanakuja."

Wakili wetu alikuwa anasema kuna tatizo la mtandao, kuna tatizo la mtandao. Nikasema, "Mheshimiwa, nipo."

Hakimu akaangalia kijisanduku changu. Safari hii alikuwa mzima, anasonga. "Mzee, tumekungoja. Nimeshafunga ushahidi wako. Ongea na wakili wako."

"Mheshimiwa, nilikuwa naongea."

"Ongea na wakili wako, mzee."

Wakaita faili lingine. Mwenye shimo alikuwa anainuka kutoka kwa kiti chake, anatengeneza suruali.

Tulikaa pale chumbani, sisi watatu. Nilitaka kumwomba mjane radhi, sikujua naanzia wapi, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia kifo cha mumewe nikidhani namwambia hakimu. Yeye alikuwa anaangalia mikono yake. Mwishowe akasema, "Lile paa bado linavuja."

Kisha akainuka, akamsaidia binti kufungasha laptop.

Baada ya siku chache nilipanda gari hadi Homa Bay mjini, kwenye duka la kampuni lenye vioo na viti vya rangi. Nilipewa kikaratasi cha foleni. Dada aliyenihudumia alikuwa na adabu, aliniita mzee kila baada ya neno.

"Mzee, bando lilifanya kazi. Naona hapa lilikuwa hai siku nzima."

"Hai kwa nani? Laptop ilikatwa."

"Hotspot ni matumizi mengine, mzee. Ina bando lake."

"Nieleze polepole, nilisoma kidogo. Data ikienda kwa laptop yangu kupitia simu yangu, inapita kwa mlingoti wenu mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na nikitazama kwa simu?"

"Mara moja."

"Basi ya pili ninalipia nini?"

Akatabasamu kama amesikia hilo mara nyingi. "Ni masharti, mzee. Ulikubali."

"Nilikubali lini?"

"Ulipobonyeza moja."

Nyuma yangu kwenye foleni mtu akasema, "Mzee, toka huko, sisi tunataka kurudisha laini zilizopotea. Wewe unataka kurudishiwa hewa." Watu wakacheka. Nilimgeukia nikaona ni kijana mwenye uso mzuri tu, hana ubaya, na nikajua hata nikimweleza atasema pole kisha atauliza kwa nini sikununua lile la hotspot. Hapo ndipo wametufikisha. Mtu akiibiwa anaulizwa kwa nini hakulipa mara mbili.

Nikamuuliza yule dada kama jambo hili serikali inaliruhusu. Si kwa ubishi. Nilitaka kujua. Ikiwa nimenunua gunia la mahindi, je, kuna sheria inayosema mwenye duka anifuate nyumbani kuona nimepakulia wangapi? Akasema yeye hajui mambo ya serikali, kuna ofisi ya wanaosimamia mambo ya simu, naweza kuwaandikia kwa barua pepe. Nikamwuliza barua pepe niitume kwa hotspot ya nani. Alicheka kidogo, halafu akaacha, nafikiri aliniona usoni. "Mzee, mimi nimeajiriwa tu," akasema kwa Kijaluo, sauti ya chini, kama binti wa watu.

Ninajua ameajiriwa. Hata wale wa kamba walioshika nyundo waliajiriwa. Simtafuti yeye. Namtafuta aliyekaa mahali penye baridi akafikiri: hawa watu wana tabia ya kuchanga, wananunua moja wanatumia kumi, tuwakate hapo. Mtu huyo anatujua vizuri. Anajua kijijini simu nzuri ni moja na inasomesha watoto wa nyumba nne. Anajua kanisa linaimba kwa simu ya mchungaji. Mwenye pesa ana waya unaingia nyumbani kwake, hotspot anaihitaji ya nini? Ile ada iliwekwa kwa ajili yetu sisi tunaoshikana mikono. Na wale wa serikali waliopewa kazi ya kuwaangalia wanaangalia upande mwingine, kama askari wa barabarani anayeona gari la mkubwa linapita. Nawataja na wao. Wamekuwa watatu.

Uamuzi ulisomwa kwa mtandao vilevile. Safari hii hatukuchanga. Binti alishika simu yake katikati yetu uani, tukainamisha vichwa. Hakimu alisoma haraka. Nilishika maneno machache. Kwamba shahidi pekee aliyekuwa ndani ya shimo hakukamilisha ushahidi wake. Kwamba yaliyo kwenye kumbukumbu ni kuwa alisikia nyundo, basi. Kwamba haikuthibitishwa ni nani aliyeng'oa magogo, na kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba si marehemu.

Haiwezi kusemwa kwamba si marehemu. Nililirudia hilo kichwani mpaka likapoteza maana. Wakili alipiga baadaye akasema kuna rufaa, tunaweza kujaribu, tutaona. Nikamwambia nitakwenda mwenyewe, hata kama ni kulala kwenye kiti cha nyuma cha gari hadi huko alikohamia hakimu. Akasema rufaa haisikilizi shahidi upya, inasoma tu kilichoandikwa. Kilichoandikwa ni nyundo.

Mjane alikuwa ameinama akigeuza omena. Alimaliza safu nzima, kisha akasimama.

"Shemeji," akasema. "Jumapili ukitoka kanisani upite hapa."

"Kuna nini?"

"Hawa wadogo wawili wanachekwa shuleni. Wanaambiwa baba yao aliiba magogo akajizika. Jana huyu wa mwisho ameniuliza kama ni kweli, na mimi sikuwepo kule shimoni. Wewe ulikuwepo. Yale uliyosema siku ile, uwaambie wao."

"Yote?"

"Na ya kamba. Na ya paa. Yote."

Jumapili nikaenda. Alikuwa amewakalisha kwenye mkeka, wamevaa nguo za kanisa, binti mkubwa amekaa nyuma yao. Wanawake wa omena walikuja pia bila kuitwa, hata yule wa mume wa Mwanza, wakakaa pembeni. Nikaanza pale nyundo iliposikika. Nilisema polepole, na hakuna aliyeganda. Yule wa mwisho alikuwa anahesabu vidole vyake, nikadhani hasikii, mpaka nilipofika mwisho akainua kichwa.

"Kwa hiyo si baba?"

"Si baba."

"Ni nani?"

Nikamtazama mama yake. Hakunizuia. Basi nikawatajia jina la mwenye shimo, lote, na la baba yake, na mahali boma lake lilipo kule Migori. Yule wa kati akalirudia taratibu, kisha akalirudia tena, kama mtu anayeelekezwa njia.